Robo mzunguko tu

Treni ya kwenda mji wa Oudenaarde ilipokata kona, baiskeli ya Joris iliiangukia ya Godelieve upande wa mnyororo, na mkono wa gia wa nyuma wa Godelieve, ule unaohamisha mnyororo, ukapinda. Godelieve alikuwa anakwenda mashindano ya baiskeli asubuhi hiyo.

"Usiguse!" alifoka, Joris, mtu asiyemjua, alipoanza kuzungusha skrubu ya gia.

"Tulia, mama. Robo mzunguko tu, gia zitaingia laini."

"Tangu lini skrubu ikanyoosha chuma? Utauingiza mnyororo kwenye spoki!"

Godelieve aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali. Mnyororo ukaruka meno. Joris akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Treni ikapunguza mwendo. Godelieve aliikamata baiskeli ya Joris, akashusha kiti chake kimfae. "Yako gia zinaingia laini?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi tengeneza yangu taratibu, baba. Hii naipanda mimi."

Milango ilipofunguka, wote wawili walikuwa wameng'ang'ania usukani mmoja.