Piroska Pop, Golikipa wa Reghin (1949–2019)

Marehemu Piroska alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 mjini Reghin, Romania, mtoto wa pili wa Traian Moldovan, Mromania wa shirika la reli, na Rozália Szilágyi, Mhungaria aliyekuwa fundi cherehani. Katika nyumba kama hizo za kwetu, mtoto wa kiume hufuata kanisa la baba, wa kike la mama. Kaka yake Liviu akabatizwa Kiorthodoksi, yeye akawa Mreformati, yaani Mprotestanti kama mama. Pasaka zikawa mbili, kwani kalenda za makanisa hayo hazilingani.

"Yesu wenu amewahi tena mwaka huu, mke wangu," baba alikuwa akisema. "Wetu bado amelala."

"Halali, Traian. Anasubiri treni yako."

Alisoma shule ya msingi kwa Kihungaria, sekondari kwa Kiromania, akahitimu mwaka 1967. Mwaka huohuo alianza kudakia timu ya mpira wa mikono ya kiwanda cha samani. Alikuwa mrefu, mkimya, na lango likiwa naye lilionekana dogo.

Mwaka 1972 aliitwa timu ya taifa kwenda mashindanoni Ujerumani Magharibi. Lakini mjomba wake Árpád, mdogo wa mama, alikuwa ametorokea Austria, na serikali ilihesabu hilo kuwa usaliti wa ukoo mzima. Katibu wa chama cha kikomunisti pale kiwandani akaitisha mkutano.

"Moldovan, simama useme jamaa za mama yako si jamaa zako. Dakika moja tu, halafu ukafunge mizigo."

Piroska alisimama. "Ndugu katibu, mikono hii nimeipata kwa mama. Nikimkataa, nitadaka na nini?"

Timu iliondoka bila yeye, wala hakuitwa tena. Nyumbani mama alimgombeza huku akilia: "Mjinga wewe! Ungesema tu. Árpád asingepungua hata kilo."

Aliendelea kuchezea kiwanda hadi 1981, kisha akafundisha wasichana wa mji huu michezo kwa miaka ishirini na mitatu. Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Dorin Pop, fundi umeme. Walijaliwa Radu na Emőke, nao wakagawanywa makanisani kwa desturi ileile.

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua bila kunung'unika sana, ila supu ya hospitali aliitukana kwa lugha zote mbili. Siku moja Radu alimuuliza kama aliwahi kujutia mkutano ule.

"Kila Jumamosi, mwanangu, filimbi ya mechi ikilia."

"Na sasa?"

"Jumapili nilikuwa naketi kanisani na mama, bega kwa bega. Kama ningemkataa, ningeketije?"

Alifariki nyumbani tarehe 14 Novemba 2019, mchana, familia yake ikiwa kando yake.

Ameacha mume, Dorin, watoto wawili, Radu na Emőke, wajukuu watatu, na kaka yake Liviu. Amelazwa karibu na mama yake, kama alivyoomba.

Udongo umlalie mwepesi, Piroska wetu, na apumzike kwa amani.