Mkono wa Kazi wa Mzee Eliasi Nambunga (1946–2024)

Ndugu wafiwa, majirani wa Mtaa wa Mahiwa, shikamooni wakubwa. Na nyie wenzangu mliosimama kule nyuma, mambo. Mimi ni Sofia, mjukuu wa tatu wa marehemu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu babu mwenyewe aliagiza. Alisema akisoma baba mkubwa, watu watasinzia hata yeye aliye kwenye jeneza. Babu ni mtani wangu, kwa hiyo nikiteleza mtanisamehe. Nikishindwa kuendelea, nisubirini kidogo.

Mzee Eliasi Nambunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, Lukuledi, wilaya ya Masasi, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Filbert Nambunga na Bibi Paskalina. Alizaliwa mashoto. Mama yake alihangaika naye sana, kwa sababu kila akitengewa ugali, mtoto ananyoosha mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto una kazi zake, kula hakumo. Akafungwa kitambaa kwenye ule mkono mpaka akazoea kula na kusalimia watu kwa kulia.

Alisoma shule ya misheni pale kijijini kuanzia 1954 hadi 1961. Kilichoanzwa na kitambaa kikamaliziwa na fimbo: aliandika kwa mkono wa kulia, mwandiko mbaya mpaka mwisho wa maisha yake. Mliowahi kupokea bahasha ya mchango kutoka kwake mnanielewa. Lakini akishika randa au msumeno, hapo hakuna aliyemweza. Kushoto ndiko kulikokuwa na ufundi wote.

Juni 1965 alikuja Dar es Salaam kwa lori, siku nne, mbili kati ya hizo amelala juu ya magunia ya korosho akisubiri pantoni ya Rufiji itengenezwe. Akapokewa na shangazi yake, Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, nyumba aliyokuja kuishi maisha yake yote. Miezi miwili baadaye alipata kazi kwenye karakana ya useremala kule Gerezani. Ilipochukuliwa na umma, walikuwa wanatengeneza madawati ya shule, mamia kwa mamia. Kama ulisoma miaka ile na dawati lako halikuyumba, mshukuru huyu mzee.

Nje ya karakana alikuwepo binti anauza maandazi, jina lake Angelina. Marehemu alikuwa anapokea andazi kwa kulia, kwa adabu kabisa, halafu anasahau, anahesabu senti kwa kushoto. Siku moja yule binti akamwambia, "Kaka, wewe mashoto. Unamficha nani?" Marehemu akanunua maandazi sita, na alikuwa ameshakula. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1970, wakajaliwa watoto wanne.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba 1974, saa nane mchana, msumeno wa umeme ulimkata mkono wa kushoto. Liliondoka dole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Aliyemfunga kwa shati lake mwenyewe na kumkimbiza hospitali ni msimamizi wa zamu, Bwana Sadalla.

Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu tuliandika "kwa bahati mbaya," tukaendelea na mengine. Juzi tumeambiwa tufute. Nitafika hapo.

Marehemu alikaa na bandeji miezi minne, halafu akaitwa kwenye ofisi moja kule Posta kwa ajili ya fidia. Karani akamuuliza, "Ndugu, mkono wako wa kazi ni upi?" Sasa fikirieni, mtu aliyefungwa kitambaa na mama yake, akachapwa na mwalimu, amesimama mbele ya mkubwa wa serikali. Atamnyooshea mkono wa kushoto? Akanyoosha wa kulia. Karani akaandika: mkono wa kazi, kulia; ulioumia, kushoto. Akapewa karatasi yenye fidia ya shilingi elfu mbili na mia moja, na tarehe ya mwisho ya kurudi kuikubali au kuikataa: Ijumaa, 7 Machi 1975.

Akaipeleka ile karatasi kwa mhasibu wa karakana, Bwana Bhupendra, amsaidie kuisoma. Bwana Bhupendra akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Eliasi bhai, huyu aliyeandikwa hapa nani? Wewe si unapiga randa kwa kushoto?"

"Aliniuliza ghafla. Nikaona aibu."

"Aibu! Mkono wa kazi ukiharibika wanahesabu fundi ameisha. Wanalipa karibu mara tatu ya hii. Hapa wameandika wewe bado fundi mzima, rudi kazini. Utashika randa na nini, na meno?"

"Nikirudi kusema, watabadilisha?"

"Watabadilisha. Ila watauliza."

Na hapo ndipo penyewe. Ule msumeno ulikuwa na kikinga, kile kibati kinachozuia mkono usifike kwenye meno. Kilifungwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Marehemu akisukuma mbao kwa kushoto, kibati kinamgonga kiwiko, kazi haiendi. Wiki ile walipodaiwa madawati mia tatu kwa haraka, Bwana Sadalla alichukua spana, akakitoa. Marehemu akisema ni mashoto, swali la pili ni kikinga kilikuwa wapi, na la tatu ni nani alikitoa. Bwana Sadalla angefukuzwa kazi, na alikuwa na watoto saba.

Bibi Angelina alikuwa na msimamo wake, na hakuusema kwa kunong'ona. "Mkono ni wako, uongo ni wa kwako, na mimba hii ni ya kwako pia. Kaseme kweli."

Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa, Bwana Sadalla mwenyewe alikuja Mtaa wa Mahiwa. Hakukaa.

"Shemeji kaniambia yote. Eliasi, nenda kaseme. Kibati nilikitoa mimi."

"Na watoto?"

"Nitaenda Feri, nitakaanga samaki."

"Wewe? Wewe hata chai unaunguza."

Wakacheka wote watatu, na Bibi aliyekuwa mlangoni. Bibi alituhadithia kwamba alivyosikia kile kicheko, alijua fidia imeshaondoka.

Ijumaa marehemu alitembea kwa miguu mpaka Posta, akatia sahihi kwa mkono wa kulia, akapokea elfu mbili na mia moja. Bibi hakumsemesha siku tisa. Alimpikia, ndiyo, ila bila chumvi.

Kazini alirudi kweli. Alipewa fagio. Miaka mitatu alifagia maranda ya wenzake, kwenye chumba kilekile alimokuwa fundi. Mwaka 1978 akaacha, akafungua kibanda Mtaa wa Mchikichi cha kunoa misumeno. Msumeno unabanwa kwenye jiliwa, tupa ya kunolea anaishika kwa kulia. Mafundi wa Kariakoo nzima walimletea. Aliinoa, akaijaribu kwa kidole, akamrudishia mwenyewe aende nayo kazini. Alifanya hivyo miaka thelathini na nne. Dawati hakutengeneza tena.

Bibi Angelina alitangulia mwaka 2011, akiwa bado anasema mume wake alidhulumiwa, na aliyemdhulumu ni yeye mwenyewe.

Babu hakukaa mpweke. Alijiunga na grupu la ukoo, akawa anatuma sauti za dakika saba. Ukifungua, dakika mbili za kwanza anakohoa. Tulimtania sana. Mwezi uliopita nimezisikiliza zote, hata pale anapokohoa.

Mwaka 2022 aligundulika na kansa ya tezi dume. Alitibiwa hapahapa mjini, akavumilia. Januari mwaka huu nilikuwa naye wodini, nikamuuliza swali ambalo ukoo mzima ulikuwa na jibu lake, isipokuwa yeye. Nikasema, "Babu, ile fidia ilikuwa haki?"

Nilitegemea anijibu kwamba rafiki ni bora kuliko pesa. Kila mtu alikuwa anamsifia hivyo.

Akasema, "Haikuwa haki."

"Sasa mbona ulisaini?"

"Watoto saba, Sofia. Ila mimi nilikuwa fundi mzuri. Watu wananisifia nilivyomwokoa Sadalla, hakuna anayeniuliza kama nilipenda randa. Niliipenda sana."

Akageukia ukutani. Nikamvutia shuka mabegani.

Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Juzi tulivyosoma rasimu pale msibani, Mzee Sadalla, ambaye sasa ana miaka themanini na nane, alinyoosha mkono tumsogelee. Akasema, "Hapo kwenye bahati mbaya, futeni. Andikeni kikinga alikitoa Sadalla wa Kibiti. Na mkono wake wa kazi andikeni kushoto. Miaka arobaini na tisa yuko kwenye karatasi ya serikali kwa uongo, kwa ajili yangu. Msimzike nao." Tukamwambia, mzee, watu watakusikia. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja."

Kwa hiyo tumeandika.

Marehemu Eliasi Nambunga, fundi seremala, mashoto, ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu watatu, dada yake Mwanahawa wa Lukuledi, na rafiki yake Sadalla, aliyekaa pale mbele, ambaye tunaomba mkitoka hapa mumpe pole kama mnavyotupa sisi. Pole hiyo ni yake pia.

Babu, lala salama. Mungu akupe amani, na akurudishie kazi yako.