Damu Iliyokaa Mezani

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, nimeambiwa niisome karatasi hii taratibu, lakini kuna jambo ambalo halikuandikwa humu, nitalisema likifika mahali pake, tafadhali msinikatize.

Mama alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tano wa mshona viatu, akaanza shule mwaka 1965, akahitimu stashahada ya maabara mwaka 1979, na Januari 1980 akaajiriwa maabara ya mifugo, chumba cha pili kushoto, chenye dirisha lisilofungika, akapima homoni katika damu ya ng'ombe kwa miaka thelathini na minane. Siku ya ishirini na moja tangu ng'ombe apandishwe, homoni ikiwa bado juu, huenda ameshika mimba, ikiwa imeshuka, hana kitu, na kwa jinsi alivyopenda kuhesabu siku hizo, mtaa mzima ukamwita Mama Ishirini na Moja, hata mimba yangu aliitangaza kabla sijaijua mwenyewe, jamani mama yule!

Alifunga ndoa na baba, fundi seremala, tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa mimi na mdogo wangu, ambaye ni dereva.

Sasa lile jambo. Jumanne, tarehe 12 Juni 2012, nikiwa msaidizi wake, nilipokea damu ya ng'ombe wa jirani yetu, mfuma vikapu, damu ambayo hutiwa mara moja kwenye mashine ya kutenganisha majimaji yake na chembe, kwani ikikaa kwenye joto homoni hupungua, nami nikaiacha mezani tangu saa tatu hadi saa tisa, nikipiga soga kwenye simu, kisha nikaitenganisha kimyakimya. Jibu likatoka chini, mama akatia sahihi kwamba ng'ombe hana mimba, jirani akamuuza, na machinjioni akakutwa na ndama tumboni. Jirani alimjia juu mama mbele ya watu, mama akasema kosa ni lake, nami nilisimama pale pale, kimya. Nilipomweleza ukweli alinikataza kuusema, nisije nikafukuzwa kazi, na tangu siku hiyo kila asubuhi alimsalimu jirani na hakuitikiwa.

Aliugua moyo Agosti 2023, kitandani nikamwomba ruhusa mara mbili niseme, akakataa, akafariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, majirani wote, na wewe baba mfuma vikapu, uliyekuja ukaishia getini, aliyekupotezea ng'ombe ni mimi, si yeye, ingia umuage.

Mama, nimekuasi, nisamehe, upumzike kwa amani.