Magdalena binti Mhunzi na Mtani Aliyelala Kaburini

Padre, wazee wetu, ndugu Wakristo na Waislamu mliofika hapa Njinjo, ukoo wa Mbonde unawashukuru, na umenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu bila kuyapaka sukari, maana mwenyewe asingependa.

Marehemu Magdalena Benedikto Mbonde alizaliwa hapa Njinjo tarehe 22 Julai 1954, siku ya mtakatifu somo wake, akiwa mtoto wa kwanza wa mama Lusia na mzee Benedikto, mhunzi ambaye majembe yake yamelima nusu ya mji huu. Alisoma hapahapa kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akamaliza darasa la saba, ingawa alirudishwa nyumbani mara nyingi kwa kupigana, na aliyeumia hakuwa yeye. Kisha akaingia kwenye kibanda cha uhunzi cha baba, akavukuta moto, akanoa mapanga na kuyapeleka sokoni mjini Masoko, na mteja aliyemletea dharau aliondoka mikono mitupu.

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na marehemu Simoni Ngwale wa Tingi, wakajaliwa watoto watatu, wawili wako hapa, mmoja alitangulia angali mchanga, na mumewe alipofariki mwaka 2003 akarudi nyumbani.

Sasa niseme lile ambalo wengi mmekuja nalo moyoni. Tarehe 6 Agosti 2011 tulikuwa tunamzika baba, na kama ilivyo desturi, mtani wetu Rehani alirukia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alimuuzia panga butu. Watu wakacheka katikati ya kilio, kama inavyopasa. Lakini kitindamimba wetu, Ladislausi, alikulia Dar es Salaam, utani wa msibani hakuujua wala hatukumfundisha, akaona baba anatukanwa, akanyakua jembe lililofuliwa na baba mwenyewe, akampiga Rehani usoni, taya likavunjika, jicho la kushoto likapasuka, damu ikatapakaa pale pa kumlaza mzee. Rehani akakimbizwa hospitali, na kabla jua halijatua vijana wa kwao wakaja, wakachoma kibanda cha uhunzi, wakamfukuza Ladislausi hadi mtoni, wakamkatakata, na Magdalena akamkuta bado anapumua, akamshika kichwa mpaka mwisho.

Waliofanya hayo walifungwa, lakini moyo wa dada haukupoa. Alimchukua Romana, binti wa Ladislausi, aliyekuwa na miaka sita, akamlea kwa mapenzi na kumlisha chuki pamoja na ugali. Mwaka 2016, tulipomzika mama, mtani mmoja alithubutu kufika, dada akamchoma mgongoni kwa kinga cha moto, na tangu hapo tumezika wafu wetu kimya, kama wageni.

Mwezi Novemba 2023 alianza kuugua saratani ya koo. Mwezi uliopita, alipoona dawa zimeshindwa, alituma bodaboda imlete Rehani. Sote tuliogopa. Rehani alisimama mlangoni na taya lake lililopinda upande, akamwambia, "Nimesikia unakufa, nikasema hii nisiikose." Dada alicheka mpaka akatema damu, kisha akamjibu kwa sauti ile iliyobaki, "Shimo langu ulale wewe, na ulale vizuri." Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliokesha naye, na wenzake wa sokoni waliotuletea sanda, unga na kuni. Mungu awalipe.

Mnaona wenyewe, Rehani yumo kaburini, amelala chali, anatutazama kwa jicho moja. Romana, tangu asubuhi umeshika jembe hilo la babu yako, na hakuna aliyethubutu kukunyang'anya. Shangazi yako aliniagiza niyasome haya mbele za watu: "Jogoo wa mtani atolewe na Romana, kwa mkono wake, na asipotoa, nisizikwe." Jogoo huyu hapa, amefungwa miguu.

Dada Magdalena, pumzika kwa amani, lakini subiri kidogo, hatuwezi kukushusha mpaka mtani atoke.