Mota Aliyoifungua Anastase

Bazazi, majirani, bakristu bote mulioacha kazi zenu leo, Maman Védastine na batoto, mimi ni Harelimana, mudogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na najua angekuwa hapa angenikata kila mustari.

Anastase Munyaneza alizaliwa Bukavu, Kadutu, upande wa Kongo, tarehe 3 Machi 1961, bazazi betu bakiwa bakimbizi kutoka hapa Cyangugu, akasoma huko primeri na shule ya ufundi, akapata diplome ya umeme 1980, akaanza kubobina mota, yaani kutoa nyaya zilizoungua na kuzungusha shaba mupya. Alimuoa Védastine tarehe 16 Julai 1988, Mungu akabapa batoto bane, Izabayo, Tuyishime, Emerance na Tumukunde.

Oktoba 1994 tulivuka mupaka wa Rusizi ya Kwanza kurudi hapa Rwanda, bengine na magodoro, yeye na sanduku la shaba kichwani, nikamugombeza njia nzima, na vita vilipofunga mupaka 1998, shaba ile, aliyoizungusha kwenye mota za bantu, ndiyo iliyotulisha.

Wakati huo alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mupunga ya koperative yetu, huku Gikundamvura, mimi nikiwa sekretere ofisini. Februari 2000 nikachagua mota ya kisasa, yenye karte, kile kibao cha elektroniki cha kuongoza mwendo, ndani ya tumbo lake, Anastase akaikataa mbele ya bote, akasema joto la mota litapika karte, mutetemeko utaimaliza, na kipande kidogo kikikufa tutatupa mota nzima. Ah, muntu yule! Nilimujibu, na bado nasema, kwamba inaanza polepole bila kuzima taa za majirani, inakula umeme kidogo, haina sanduku ukutani wala nyaya ndefu za kuibiwa. Nikaandika kwenye ripoti kwamba yeye ni fundi wa zamani, bakamuondoa kazi, na toka siku ile hatukusalimiana.

Juni 2001 mota ilisimama siku mbili, ikaanza tena, nikaambiwa ni fuse tu, nikaisifu kila mukutano.

Aliugua mapafu kuanzia Novemba 2002, akalazwa Januari, akaaga dunia Jumatano tarehe 12 Machi 2003, saa nne asubuhi.

Juzi nilienda kutangaza kifo kule kwenye mashine, mahali nisipoingiaka sababu ya vumbi, na Wenceslas, mulinzi, akanionyesha sanduku ukutani. Akaniambia kwamba Juni ile mota iliposimama, Anastase alikuja kwa miguu, hakuna aliyemuita, akakuta karte imepikwa kama alivyosema, akabadilisha kipande kimoja kwa kile cha televisheni yake mwenyewe, akaitoa karte ndani ya mota, akaifunga ndani ya sanduku lile, mbali na joto, kwa nyaya ndefu, kisha akamukataza Wenceslas kuniambia, nisipate aibu mbele ya bamemba ba koperative. Aibu gani, Anastase? Nani alikuomba kunificha? Ungeniambia, ningekuja kwako siku hiyo hiyo, hata usiku, kukuomba musamaha!

Tunashukuru baganga na bauguzi, majirani balioleta kuni na maji, bafundi benzake, na Wenceslas ambaye mwishowe alisema. Musamaha naomba leo mbele ya bantu hawa bote, na wewe peke yako hunisikii. Pumzika, mukubwa wangu, kwa amani ile niliyokunyima.