Mswaki wa Duba

"Kamati Ndogo ya Muda kuhusu Kudumaa kwa Mti Mmoja, Kando ya Soko la Mifugo, Isiolo." Hilo ndilo jina, na lina muhuri. Mti wenyewe ni mswaki, ule wa kusugulia meno. Uliletwa kutoka Merti ndani ya kopo la mafuta na Duba, mwana wa Mama Sabdio anayetuuzia kahawa. Duba aliuawa Kipsing kwenye ugomvi wa malisho, akazikwa hukohuko; mamake hajawahi kuliona kaburi. Ana huo mti tu. Kamati iliukuta umefika kiunoni, matawi yameinama, ikaandika: umedumaa. Ilifanya kazi yake, ikaenda. Tangu hapo majani yanakauka, nasi tumekaa benchini kutafuta mchawi.

— Ni chumvi, alisema Mungania, karani mstaafu tunayemwita Katiba. Maji ya hapa ni chumvi tupu.

— Mzee, mswaki na chumvi ni marafiki, akajibu Lodio, mchoma makaa tunayemwita Moshi. Hii ni mbuzi wa mnada. Wanaikojolea.

— Mbuzi wamekojoa hapo tangu mkoloni! Basi ni ile mnara ya simu. Inafyonza maji chini kwa chini.

— Sasa mnara iko na mizizi, Katiba?

— Iko na waya! Wewe unafikiri waya inakunywa nini?

Mama Sabdio alikuwa akipepea jiko.

— Ongeeni tu. Mimi nimeimwagia asubuhi, nimeimwagia jioni. Hata maji yangu ya kunywa nimeipatia.

— Vumilia, mama, akasema Katiba. Kamati itarudi.

— Kuzika?

Hapo akafika mwanamke tusiyemjua, Nakaale, aliyeleta mbuzi mnadani kutoka Ngaremara.

— Habari zenu. Mama, nipatie kahawa.

Akautazama mti.

— Huyu ni wa Ewaso. Kwetu mtoni anakuwaga mfupi hivi, anainama, hata akizeeka. Ndege wanampandia chini ya mgunga, akiwa mdogo anakaa kwa kivuli. Mgunga wake iko wapi?

Katiba akakohoa. Moshi akaangalia viatu vyake. Mama Sabdio akatazama juu, pale palipokuwa na kivuli, kisha akatazama jiko. Akaliinua birika, akamimina kahawa yote juu ya makaa.

Siku ile Kamati ndiyo iliyoukata mgunga ili mswaki upate jua, Moshi akauchoma makaa, na Mama Sabdio akawashukuru wote kwa kahawa ya bure.