Otilia Eustaki Sichalwe na Baleti ya Lyangalile, 1988–2025

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi vijana wa Baleti ya Lyangalile mliokaa pale mbele, familia ya Mzee Eustaki Sichalwe inawashukuru kwa kufika hapa Mpui katika baridi hii ya Juni, na imemtuma Theodory, kaka wa marehemu, awasomee maisha ya mdogo wake kama yalivyoandikwa jana jikoni kwa mama, kila mmoja akimkumbusha mwenzake tarehe.

Otilia alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapahapa Mpui, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Eustaki na Mama Cornelia, wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Ulikuwa msimu wa kulima ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze, na mama alikuwa shambani hadi asubuhi ya siku hiyo, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akajifungua kabla jua halijafika kati. Utotoni hakuwa msemaji, alichojulikana nacho ni kuiga mwendo wa watu, alimwiga katekista anavyopanda ngazi za kanisa, alimwiga shangazi aliyebeba ndoo, na siku baba alipomkuta uani akiiga mwendo wake yeye, na ule mguu wa kulia anaoutupa pembeni, alimtazama kwa ukali, kisha akageukia ukutani akacheka peke yake.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Mpui kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, akaendelea na sekondari Sumbawanga mjini na kumaliza kidato cha nne mwaka 2006, kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili akisaidia shambani. Baba alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi ya kusomea uuguzi, jambo lililokuwa limesemwa mpaka jumuiyani, ndipo Otilia akaeleza kwa heshima kwamba ameomba chuo cha sanaa Bagamoyo na amekubaliwa. Baba hakumpiga wala hakumfukuza, ila asubuhi ya safari, Septemba 2008, alikwenda shambani mapema kuliko kawaida yake, na waliomsindikiza kwenye basi ni mama na Theodory.

Bagamoyo alisomea ngoma na maigizo, na mwaka wa pili akaja mwalimu mgeni aliyefundisha baleti kwa mihula miwili. Otilia alikuwa na miaka ishirini na moja, na mwalimu yule alimweleza kwa upole kwamba dansi hiyo huanzwa na watoto wa miaka sita au saba, mifupa ikiwa bado laini, hivyo asitegemee mengi. Alibaki darasani. Baadaye alimweleza mume wake kilichomshika: kwamba tangu akiwa mdogo mwili wake ulifundishwa kuinama, kupalilia, kufagia, kufukia nyasi, na pale kwa mara ya kwanza mtu alimwambia apande, asimame kwa ncha za vidole na abaki huko juu, naye alipobaki huko aliogopa, kisha akatamani kurudi tena. Alihitimu stashahada yake mwaka 2011.

Januari 2012 aliajiriwa kufundisha katika shule moja ya msingi ya binafsi kata ya Mazwi, Sumbawanga, na huko ndiko alikokutana na Loth, fundi viatu mwenye kibanda karibu na soko, alipompelekea kiatu kimoja cha baleti kilichochanika, laini kama soksi, akamwuliza kama anaweza kutengeneza kingine cha hivyo. Loth hakuwahi kukiona kiatu cha namna ile, akakifumua chote ajue kilivyoshonwa, na wiki mbili baadaye akamletea jozi ya ngozi ya mbuzi iliyomkaa vizuri kuliko ile ya dukani. Walifunga ndoa takatifu tarehe 20 Septemba 2014 katika parokia yao ya Sumbawanga, wakajaliwa watoto wawili, Sharon aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 2015 na Timoth aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2017.

Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Agosti 2018, Otilia alikusanya vijana saba katika ukumbi wa parokia, akaegesha ukutani mti wa mlingoti uliochubuliwa wa kushikia wakati wa mazoezi, akawaambia kundi litaitwa Baleti ya Lyangalile, kwa jina la zamani la upande wetu huu wa Ufipa, na kwamba halitacheza hadithi za kuazima. Kati ya hao saba walikuwepo Rhoda, mshona nguo wa Mazwi, na Masunga Shigela, dereva wa bodaboda, kijana wa wafugaji waliohamia karibu na Laela kutoka Shinyanga, ambaye aliingia kujikinga na vumbi la upepo na hakutoka tena. Mengi yalisemwa mjini juu ya wasichana kuvaa taiti mbele za watu, na wengine waliyasema mbele ya Mzee Eustaki, naye akawajibu kwamba hana binti anayecheza. Maneno hayo yalimfikia Otilia, alilia kwa Loth, lakini Jumamosi iliyofuata alifika ukumbini kabla ya wote.

Kazi yao ya kwanza iliitwa Ntumba, ikaonyeshwa Jumapili tarehe 22 Septemba 2019 baada ya misa ya pili. Wachezaji walivaa kaptura za kazi na vitenge, wakafukiana na kufukuana kama nyasi na udongo, Rhoda akiwa ndiye ulezi unaoota juu ya tuta, na watu waliokuja kucheka walijikuta wakisogea mbele waone vizuri. Mzee Eustaki alikuwepo. Mama alikuwa amemwambia tu kwamba huko mjini wanacheza kilimo chake, naye akapanda gari asubuhi bila kuaga, akasimama mlangoni na kofia mkononi mpaka mwisho. Watu walipotawanyika alimwendea binti yake, ambaye alikuwa hajasimama naye ana kwa ana kwa zaidi ya mwaka, Otilia akapiga goti akamwamkia, na baba alipoitikia akasema, "Jembe halishikwi hivyo." Otilia akamjibu, "Basi tuonyeshe, baba." Mzee alivua koti, akawaonyesha vijana jinsi ya kugeuza bonge la udongo bila kulivunja, uzito ukitoka kiunoni na si mabegani, akarudia mara nne mpaka wote wakapata, na mageuzo hayo yamo ndani ya Ntumba hadi leo.

Kazi ya pili haikwenda hivyo, na Otilia mwenyewe alitaka isemwe kama ilivyokuwa. Mwaka 2021 kulikuwa na ugomvi mkubwa upande wa Laela, ng'ombe walikuwa wameingia katika mahindi ya watu, na yeye akatunga Njia ya Ng'ombe, akaipeleka Laela kwenyewe, uwanjani nyuma ya maghala, Jumamosi tarehe 10 Julai. Wakulima walipiga makofi sana. Mzee Shigela, baba yake Masunga, aliyekuwa amekuja na jamaa zake kumwona kijana wao, aliinuka katikati, akaondoka na watu wake wote, na Masunga akavua viatu palepale akawafuata. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa kundi kwa uwezo, lakini Otilia alimwambia Loth kwamba kilichomuuma si kumkosa Masunga, ni kwamba wakati wa makofi yale alijua amekosea na bado aliinama kuyapokea.

Wiki iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Mzee Shigela peke yake, akamwamkia, akaomba radhi. Mzee hakumkaripia, alimpa kiti na maziwa, kisha akamwambia, "Binti yangu, umecheza ng'ombe wanaokula. Ng'ombe wenye kiu hujawacheza." Otilia alikaa kwao siku tatu, akitembea nyuma ya mifugo kwenda majini na kurudi, akaona jinsi njia waliyoizoea ilivyokuwa imelimwa pande zote mpaka haipitiki, na jinsi watoto wanavyowazuia ndama kwa miili yao wasiguse shamba la mtu. Aliporudi alifuta zaidi ya nusu ya kazi, akaanza upya, na mwezi wa nane Masunga alirudi mazoezini bila kuitwa. Njia ya Ng'ombe ilionyeshwa tena Laela Jumamosi tarehe 13 Novemba, safari hii wakulima na wafugaji wakiwa kwenye benchi zilezile. Haikumaliza ugomvi, na familia haitaki kudai hivyo, ila wiki ile pande zote mbili zilikwenda ofisi ya kijiji kuzungumzia njia ya kupitishia mifugo, na Mzee Shigela, ambaye yuko nasi hapa leo, ndiye aliyekwenda kumwalika mkulima wa kwanza kwenye mazungumzo hayo.

Februari 2023 Otilia alianza kuvimba mguu wa kushoto, juu ya goti, akadhani ni mazoezi, akawa anaufunga bandeji chini ya suruali na kuendelea kufundisha. Loth ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali mwezi Julai, na kutoka Sumbawanga alipelekwa Mbeya, kisha Dar es Salaam, ambako iligundulika kuwa ni saratani. Tarehe 19 Oktoba 2023 alikatwa mguu huo ili kuokoa maisha yake. Alitia saini mwenyewe, akawauliza madaktari maswali mengi kuhusu kusimama na mizani ya mwili, na hakuuliza kama atacheza.

Alirudi Mazwi Januari 2024, na kwa muda wa wiki mbili kila Jumamosi aliomba apelekwe mpaka nje ya ukumbi, akakaa kwenye benchi akisikiliza miguu ya vijana sakafuni, asiingie. Jumamosi ya tatu baba yake alikuja kutoka Mpui, akamkuta pale, hakumshawishi kwa lolote, alichukua kiti kilichokuwa barazani akakiingiza ndani, akakiweka karibu na ule mlingoti, akatoka akakaa naye mpaka yeye mwenyewe alipoomba magongo yake.

Ndani alikuta vijana wamekata tamaa. Masunga akamwambia waziwazi, "Mwalimu, tufunge tu kundi. Nani atatuonyesha?" Otilia aliweka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya mkono wa kiti, vikasimama kama miguu, vikapiga hatua, vikazunguka, vikaruka, akasema, "Fuata hivi." Masunga alivitazama, akajaribu, akaanguka, akajaribu tena. Ndivyo ilivyozaliwa kazi ya tatu, Vidole Viwili, iliyotungwa kwa miezi kumi na mitano, kwanza kitini, na baada ya saratani kurudi kwenye mapafu Februari mwaka huu, kitandani, juu ya sinia lililofunikwa taulo, Rhoda akiandika hesabu za hatua kwenye daftari na kuzipeleka ukumbini. Siku nyingine vidole vilichoka kabla ya wimbo kwisha, na Rhoda aliandika hivyohivyo, kwamba hapa vimechoka, na Otilia alipoyaona maandishi hayo alikataa yafutwe, akaagiza wachezaji nao wachoke mahali hapo.

Katika muda huo Loth aliendelea kumshonea kiatu, kimoja kimoja, na Otilia alikivaa kila Jumamosi.

Vidole Viwili ilionyeshwa Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025, ukumbi ukiwa umejaa mpaka madirishani, wachezaji wakiwa kumi na wawili, na Otilia amekaa jukwaani kati yao, mkono wake ukianza na wao wakifuata, kwa dakika ishirini na mbili. Mwishoni mkono ulitulia juu ya goti lake nao waliendelea kucheza bila kuutazama, kama alivyotunga. Watu walisimama. Kesho yake alimpigia simu Rhoda akamtajia makosa matatu, yote ya kweli.

Kuanzia katikati ya Mei alishindwa kupumua vizuri, akapokea Mpako wa Wagonjwa nyumbani, akaagana na watoto wake kwa utaratibu, kila mmoja kwa wakati wake na mlango ukiwa umefungwa, na waliyoambiwa ni yao. Alifariki dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake Mazwi, mikononi mwa Loth na Mama Cornelia, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wote wawili, ndugu sita na wachezaji kumi na wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam waliomhudumia na kumjibu maswali yake yote, majirani wa Mazwi waliopika na kufua katika nyumba ile kwa miezi mingi bila kuombwa, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake, Baba Paroko kwa ukumbi, familia ya Mzee Shigela iliyoleta maziwa kila wiki kutoka Laela, na vijana wa Lyangalile waliombeba jana kutoka barabarani mpaka hapa kwa hatua moja, bila jeneza kuyumba.

Kuna tangazo moja ambalo marehemu aliliandika mwenyewe na kuomba lisomwe kaburini. Mama aliona si mahali pake, jana jikoni tulilizungumza kwa muda mrefu, na baba akaamua lisomwe. Linasema hivi: "Jumamosi hii, saa nne asubuhi, mazoezi yapo kama kawaida. Njooni na viatu."

Mzee Eustaki ameomba liongezwe neno, kwamba siku hiyo naye atakuwepo.

Otilia, mdogo wetu, tumeshusha mzigo wako hapa nyumbani, Mungu akupokee, na mapumziko yako yawe ya amani.